Nilimfungia mpangaji kufuli Jumamosi, Jumapili nikapokea Ekaristi. Tujadili, sisi Wakatoliki wenye nyumba za kupangisha

BugembeNane (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Naandika kutoka Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja. Nina vyumba nane vya kupangisha, mistari miwili inayotazamana, uwanja katikati, choo nyuma, bomba la maji karibu na geti. Huku kwetu vyumba vya namna hii huitwa mizigo, na marehemu baba aliyevijenga alikuwa akisema kwa Kiswahili jina hilo limekaa mahali pake. Alivijenga kwa malipo yake ya kustaafu kiwandani, chumba kimoja kimoja, kwa miaka sita. Alipofariki mwaka 2017 ukoo ukaniachia mimi kuviangalia. Kodi tunagawana na dada zangu wawili, na mama anatunzwa kwa hiyo hiyo. Kila chumba ni shilingi 120,000 kwa mwezi.

Sasa jambo lenyewe. Mpangaji wa chumba cha sita ni mama wa watoto watatu. Anachukua mukene, yaani dagaa wetu wa ziwani, pale mwaloni Masese na kuwauza sokoni. Katikati ya Kwaresima deni lake lilifika miezi mitatu, 360,000. Nilikuwa nimemkumbusha mara nne. Mimi pia nina mkopo wa Sacco niliochukua kujenga choo kipya, na Sacco hawakumbushi mara nne. Jumamosi jioni, yeye akiwa sokoni, nikaenda na kufuli nikafunga mlango wake. Nimeona mambo haya tangu utoto: wengine hung'oa mlango wenyewe, wengine hupanda juu na kutoa bati mbili za paa ili mvua imalize kazi. Nilijihesabu mpole kwa sababu nilifunga tu.

Usiku ule alilala na watoto kwa jirani wa chumba cha pili, watu tisa ndani ya chumba kimoja. Jumapili nilikuwa zamu ya kukusanya sadaka kwenye Misa ya pili. Nikamwona amesimama nyuma karibu na mlango, na nguo zile zile za Jumamosi, maana nyingine zote zilikuwa ndani ya chumba nilichofunga. Nilipita mbele yake na kikapu. Akatia sarafu. Kisha nikaenda kupokea Ekaristi.

Siku tatu sikupata usingizi. Jumatano nikaenda kuungama. Siri ya kitubio inamfunga padre, mimi mwenyewe naruhusiwa kusimulia, ndiyo maana nasimulia. Padre alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kufuli bado liko mlangoni?" Nikajibu ndiyo, Padre. Akasema, "Nenda ukalitoe kwanza. Mimi niko hapa hapa mpaka saa kumi na mbili." Nikapanda boda.

Nilipofungua mlango niliona gunia moja na nusu la mukene na mizani yake ya kupimia. Nilikuwa namdai pesa, na pesa zenyewe nimezifungia ndani.

Nilirudi kanisani nikapata ondoleo. Lakini maswali yalibaki, na sitaki kuyabeba peke yangu. Je, kupangisha nyumba kwa faida ni halali kwa Mkristo, au tunaishi kwa jasho la maskini? Mpangaji asipolipa, haki yangu inaishia wapi? Na kodi ikipanda mtaani, nipandishe kama wengine? Hapa kuna watu wa Kampala, Mbale, Tororo, na ndugu zetu Wakongo. Semeni.

---

MzeeWaNansana

Milele na milele, amina. Kijana, pole, lakini nitasema wazi kwa sababu wengine watakupaka mafuta.

Mimi nina vyumba kumi na viwili Nansana. Nilikopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Tarehe 5 ya kila mwezi benki inakata, hata kama wapangaji wangu wote wamefiwa. Nimekwisha kuhamwa usiku mara saba. Saba! Unaamka asubuhi unakuta mlango wazi, balbu imechukuliwa, waya wa umeme umekatwa, bili ya maji ya miezi miwili imekuangukia wewe. Mmoja aling'oa hata kitasa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya.

Kila Jumapili tunaambiwa tuwahurumie maskini. Nani alisema mwenye nyumba siye maskini? Vyumba hivi ndivyo pensheni yangu, sina nyingine. Nikifa mke wangu atakula hapo. Ukilegea kwa mmoja, wote kumi na mmoja watajua kabla ya jua kuchwa. Mimi natoa zaka yangu kamili kutoka kodi kila mwezi, na naamini Mungu anaiona. Kufuli ni lugha ambayo mpangaji anaielewa.

---

KatekistaNsambya

Mzee, shikamoo. Hoja zako nitazijia, kwa sababu nusu yake ni kweli na Kanisa linakubaliana nawe.

Nianze na swali la kwanza la BugembeNane. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijibu katika karne ya 13, pale alipokuwa akieleza kwa nini riba ni dhambi. Alisema kuna vitu ambavyo matumizi yake ndiyo kumalizika kwake, kama divai: ukiinywa, imekwisha. Ukiuza divai, halafu ukadai malipo ya pili kwa ajili ya kuinywa, unauza kitu kisichokuwepo. Akaiweka pesa upande huo wa divai. Nyumba akaiweka upande wa pili: mtu anaweza kukaa ndani mwaka mzima, akatoka, na nyumba ikabaki ya mwenyewe. Kwa hiyo kutoza malipo ya kukaa ni haki. Baba yako hakukuachia dhambi, ndugu yangu. Alikuachia kazi.

Papa Leo XIII mwaka 1891 aliitetea mali ya mtu binafsi kwa nguvu zote, na mfano wake ulikuwa mfanyakazi anayedunduliza ujira wake mpaka akapata kipande cha ardhi. Huyo ndiye baba yako. Ndiye Mzee wa Nansana pia. Lakini papa huyo huyo akasema kumiliki ni jambo moja na kutumia unachomiliki ni jambo lingine. Katekisimu namba 2404 inamwita mwenye mali wakili wa Maongozi ya Mungu: kazi yake ni kuifanya izae na kuwashirikisha wengine matunda yake, kwanza jamaa yake mwenyewe. Kwanza jamaa yake, Mzee, umeona? Mkeo kula hapo ni sehemu ya uwakili. Ila wakili hana ruhusa ya kufanya lolote na mali ya Bwana wake.

Sasa kufuli. Fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Aya ya 6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Nilipofika pale uliposema gunia na mizani, nilisimama kusoma. Mizani ya yule mama ndiyo jiwe lake la kusagia. Teremkeni mpaka aya ya 10 na ya 11: ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Sheria ya Musa inamwacha mdaiwa awe bwana wa mlango wake hata akiwa na deni. Deni linabaki deni, hakuna aliyelifuta. Mlango ndio hauguswi.

Na tusiseme hayo ni ya Agano la Kale tu. Yoshua bin Sira, kitabu ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, sura ya 29, anataja mahitaji ya msingi ya maisha: maji, mkate, nguo, na nyumba ya kumsitiri mtu. Kumsitiri! Ndiyo maana yule mama alisimama nyuma ya kanisa. Alikuwa amevuliwa sitara.

Kuhusu zaka, Mzee, nisamehe kwa ukali wa maneno, si yangu. Huyo huyo Sira, sura ya 34, anasema anayetoa sadaka kutoka mali ya maskini ni kama mtu anayemchinja mtoto mbele ya macho ya baba yake. Sisemi kodi yako ni mali ya maskini. Kodi ya haki ni yako. Nasema zaka haiwezi kusafisha namna pesa ilivyopatikana. Hayo mawili yanapimwa kila moja peke yake.

---

MwanaBukavu

Ndugu zangu, nisalimieni wote. Mimi nazungumza upande wa ndani ya mlango.

Niko Kampala mwaka wa tisa sasa, nilitoka Bukavu na mke na watoto wawili. Tulipofika tulikwenda kutafuta chumba upande wa Katwe. Dalali alitupeleka kwa mwenye nyumba mmoja, rozari shingoni, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Nilifurahi, nikasema tumefika kwa ndugu. Chumba ambacho Mganda jirani alikuwa analipa 100,000, sisi tuliambiwa 200,000 na miezi sita mbele. Hatukujua Kiganda, hatukujua bei, mtoto alikuwa na homa. Tukalipa kwa pesa aliyotutumia shemeji yangu. Hakuna risiti. Baada ya miezi minne akasema imekwisha. Nikasema Mzee, tulilipa sita. Akasema, karatasi iko wapi?

Sikusimulia hili ili kumtukana. Nalisimulia kwa sababu nimesoma kile Katekista alichoandika, na mimi nilifundishwa katekisimu vizuri na mapadre kule kwetu. Namba 2409 inasema kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine ni kuvunja amri ya saba. Hata kama hukumvunja mtu dirisha. Hata kama yeye mwenyewe alikubali bei. Mimi nilikubali, ndiyo. Ningefanyaje usiku na mtoto ana homa?

Mama mwenye nyumba wangu wa sasa ni Mwislamu, mjane. Siku ya kwanza alinipa kadaftari ka risiti akaniambia: "Baba Neema, kila unaponipa pesa, hata elfu tano, niandikie humu na mimi nitie sahihi, kusudi shetani asipate nafasi kati yetu." Tuna miaka saba. Nimechelewa kodi mara nyingi, sikumbuki siku tuliyopaza sauti.

---

MwanasheriaMbale

Mmezungumza Biblia vizuri, nami niongeze sheria ya nchi kidogo, kwa sababu wengi mtaani hawaijui na inagusa mambo haya haya.

Uganda tuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa la jinai. Kufuli la Jumamosi liko humo, ndugu BugembeNane. Ungeweza kujibu mbele ya hakimu. Dhamana anayolipa mpangaji wa mwezi kwa mwezi isizidi kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo ile "miezi sita mbele" ni jambo la kujiuliza sana. Kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, lakini ushauri wangu ni kuandika hata wa chumba cha 50,000. Mwanabukavu angekuwa na karatasi tu, miezi yake miwili isingepotea.

Umeuliza kama upandishe kodi wengine wakipandisha. Kutoka 120,000 mwisho wako kwa mwaka ni 132,000. Kama dhamiri yako inakuambia chini ya hapo, sheria haikukatazi.

Halafu kuna jambo ambalo wenye nyumba Wakatoliki hatuliungami: kodi ya mapato ya nyumba. Mtu binafsi analipa asilimia 12 ya mapato yote ya kodi yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama. Tufanye hesabu yako kama vyumba vyote nane vimejaa: 120,000 mara nane ni 960,000 kwa mwezi, yaani 11,520,000 kwa mwaka. Toa 2,820,000, inabaki 8,700,000. Asilimia 12 yake ni 1,044,000. Umelipa? Katekisimu namba 2240 inasema kulipa kodi ya serikali ni wajibu wa dhamiri. Najua tunasema pesa italiwa na wakubwa. Nami huwa nasema hivyo nikiwa na hasira. Lakini ile barabara ya Bugembe hatutaijenga kwa hasira.

---

MzeeWaNansana

Mwanasheria, mahakama! Kesi ya deni la 300,000 itachukua muda gani, na nauli na mawakili ni nani atalipa? Mpangaji atakaa humo bure mpaka mjukuu wangu aoe. Sheria hii iliandikwa na watu wasio na nyumba za kupangisha.

Na Katekista, nimeyasoma ya Sira. Yameniuma. Sijibu leo.

---

DadaKireka

Wazee wangu shikamooni, kaka BugembeNane habari. Mimi naangalia vyumba kumi na vinne vya mama yangu hapa Kireka, mwaka wa kumi na moja huu. Naomba nitoke kwenye vitabu kidogo niingie uani, kwa sababu naona tunazungumzia deni tu, kana kwamba uwakili wa nyumba unaanza mpangaji anaposhindwa kulipa.

Kwangu unaanza chooni. Vyumba kumi na vinne, watu karibu hamsini, matundu mawili. Ndivyo nilivyokuta. Mama aliona ni kawaida kwa sababu mtaa wote uko hivyo. Nilikaa siku moja asubuhi nikahesabu foleni: watoto wa shule kumi na mmoja wamesimama, saa moja kasoro. Miaka miwili ya mwanzo hatukupandisha kodi wala hatukula faida, tulijenga matundu mengine matatu na tukaanza kuweka akiba ya gari la kunyonya choo. Nafanya hivi mpaka leo: chumba cha kwanza ni cha nyumba yenyewe. Kodi ya chumba hicho hatuigusi, inangoja bati, bomba, rangi na gari la kunyonya. Mama alilia mwanzoni, akasema namnyima. Sasa anawaambia wenzake.

Pili, ngazi. Jengo letu la nyuma lina ghorofa moja na lilikuwa na ngazi bila ukingo. Katekista yuko hapa, atanisahihisha: Kumbukumbu la Torati sura ya 22 aya ya 8 inasema ukijenga nyumba mpya weka ukingo kuzunguka dari, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka. Miaka elfu mbili na zaidi kabla ya saruji ya Tororo, Mungu alikuwa tayari anawaza watoto wa mpangaji. Nilipoisoma aya ile nilimwita fundi chuma siku iyo hiyo. Kila nikipita mtaani nikiona kibaraza cha ghorofa hakina chuma na mtoto anachungulia chini, roho inanitoka.

Tatu, mahali pa kujenga. Kuna watu walitushauri tununue kiwanja cha bei rahisi kule bondeni, kwenye mafunjo. Mimi nimeona Bwaise mvua ikinyesha: maji yanaingia chumbani, yanachanganyika na ya chooni, mpangaji anainua kitanda juu ya matofali, na kodi anatoa ile ile. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alisema kukosa makazi ni tatizo kubwa sehemu nyingi za dunia, na waraka wote unahusu dunia kama nyumba yetu sote. Bondeni yote mawili yanakutana: unaua kinamasi kinachonyonya maji ya mji, na unampangisha maskini ndani ya maji hayo. Tulikataa kile kiwanja. Mtu mwingine alikinunua na amejenga.

Sasa deni, kwa sababu Mzee wa Nansana amesema kweli na asidharauliwe. Huruma isiyoandikwa inageuka ugomvi. Mtu akichelewa, siku ya kumi naketi naye, simtumii ujumbe, naketi. Namuuliza pesa yako huja lini na kwa njia gani. Hilo swali moja limenisaidia kuliko dalali yeyote. Anayelipwa mshahara analipa kwa mwezi. Mwenye kibanda cha chapati analipa kila wiki. Fundi ujenzi analipa kazi inapoisha. Tunaandika, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, anashuhudia. Katika miaka kumi na moja nimewaomba watu watano wahame. Watano, na nimelia kwa ajili ya wawili. Mmoja alikuwa anampiga mkewe kila wiki na ua wote haulali. Kumvumilia yule kungekuwa kuwaonea wengine kumi na watatu. Kuna wanaosema mwenye nyumba Mkristo hamtoi mtu kamwe. Sikubali. Ila niliwapa muda, wakatoka mchana, na vitu vyao vyote mikononi mwao.

Kila mwisho wa Mei mahujaji wa Namugongo wanaotembea kwa miguu kutoka mashariki, wengine kutoka Kenya, wanapita barabara yetu ya Jinja, wengine wamechubuka miguu. Mama huwafungulia uwanja walale, awape maji ya moto. Nilimwambia siku moja: Mama, hawa wanalala usiku mmoja tunawaosha miguu, na wale wa ndani wanalala mwaka mzima. Hakunijibu, lakini mwaka ule ndio tulijenga yale matundu matatu.

---

KatekistaNsambya

Dada, sina cha kusahihisha. Niongeze mstari mmoja tu: mwaka 1987, Umoja wa Mataifa ulipoutenga mwaka ule kwa ajili ya wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati kuhusu Kanisa na tatizo la makazi, na kichwa chake ni swali: umemfanyia nini ndugu yako asiye na makao? Nimelifundisha swali hilo miaka mingi kwa kuwafikiria wanaolala barabarani. Leo ndipo nimewaza kwamba wanaoulizwa zaidi ni wenye funguo.

BugembeNane, umepata ondoleo, lakini kuna malipizi. Katekisimu namba 2412: haki inadai kurudisha kilichochukuliwa, na mfano unaotajwa hapo ni Zakayo. Zile siku nne alizokaa nje bila mizani ulizichukua wewe.

---

BugembeNane

Wapendwa, nimekaa kimya wiki kadhaa kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Baada ya Katekista kuandika kuhusu malipizi nilikwenda chumba cha sita. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nimemsamehe mwezi mmoja. Nilijiona mtakatifu njia nzima. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, na alikuwa na haki. Akasema: "Mzee, sitaki msamaha. Nataka hesabu. Ulinifungia siku nne. Siku nzuri napata faida ya elfu kumi na tano. Toa hiyo, inayobaki nitalipa." Kwa hiyo 360,000 toa 60,000, imebaki 300,000. Nilijifunza pale kwamba nilikuwa nataka kumpa sadaka mtu ambaye nilikuwa na deni lake.

Kisha nikauliza swali la DadaKireka: pesa yako huja lini? Nina miaka arobaini na sita, nimekulia dakika ishirini kutoka ziwani, na jibu lake sikulijua. Mukene huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta samaki giza likiwa limeshika. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, mitumbwi inaleta kidogo au haiendi kabisa, na bei mwaloni inapanda. Wiki hiyo wanawake wa mukene wanakula akiba. Kwa hiyo kila mwezi ana wiki moja kavu, na wiki hiyo haikai tarehe moja, inatembea kwenye kalenda. Nilikuwa nahesabu mwezi wa ukutani na yeye anahesabu mwezi wa angani. Miezi yake mitatu ya deni ilianza wiki ya mwezi mpevu ilipoangukia tarehe yangu ya kodi, mtoto akaugua wakati huo huo, na hakuweza tena kuinuka.

Tumeandika hivi, mwenyekiti wa LC1 akashuhudia: wiki tatu kati ya nne analeta 50,000, wiki ya mwezi mpevu haleti kitu na mimi sigongi mlango. Hiyo ni 150,000, yaani kodi 120,000 na 30,000 ya kupunguza deni. Miezi kumi itakwisha. Nilinunua daftari mbili, moja lake moja langu, kama yule mama wa MwanaBukavu.

Yeye naye aliweka sharti. Bati la juu ya kitanda cha watoto linavuja tangu mwaka jana, aliniambia mara mbili nikasahau. Yeye alisahau kodi mara nne nikamfungia, mimi nilisahau bati mara mbili na hakunifanya kitu. Nimelibadilisha.

Mwanasheria, namba ya mlipa kodi nimeichukua. Dada zangu wamenuna, maana mgao wetu umepungua, na mmoja hasemi nami mpaka leo. Hilo sijui nitalimaliza vipi. Kodi ya vyumba sipandishi mwaka huu.

---

MzeeWaNansana

Nimesoma yote. Benki yangu haitazami mwezi wa angani, inatazama tarehe 5, na hilo hamjanijibu hata mmoja wenu.

Lakini niambie kitu kimoja, kijana. Analipa?

---

BugembeNane

Mzee wangu, la benki sina jibu, na nimelipeleka kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, kwa sababu wenye mikopo kama yako tuko wengi na tunaaibika kusema.

Mpaka leo amefikisha zamu sita. Tano alileta 50,000 kamili. Ya sita alileta 35,000, kulikuwa na upepo ziwani siku tatu. Tumeandika kwenye daftari zote mbili. Deni limebaki 255,000.